Nani Alikuwa Kwenye Usukani

Nafundisha uraia katika shule ya sekondari hapa Kasongo, na kila mwaka, sikukuu za Desemba zikishapita, nafika kwenye somo la kinga ya wabunge. Ni somo fupi. Naandika ubaoni kwamba mbunge hawezi kushtakiwa wala kukamatwa kwa sababu ya maneno aliyosema au kura aliyopiga katika kazi yake. Halafu naandika sehemu ya pili, iliyo ndefu zaidi: hata kwa makosa mengine hafuatiliwi mpaka bunge lenyewe litoe ruhusa, isipokuwa amekutwa papo hapo na kosa lake. Wanafunzi wananakili, mimi nakung'uta chaki mikononi. Miaka kumi na moja nimewaeleza, kwa sauti ya mtu anayejua anachosema, kwamba kinga hiyo ni mali yetu sisi wapiga kura, ili mtu tuliyemtuma Kinshasa akatusemee bila kutetemeka.

Nililiamini neno hilo. Bado naliamini, ukitaka kujua, na ndiyo maana linanikera hivi. Kama ningekuwa mtu wa kusema tangu mwanzo kwamba sheria zote ni danganya toto, ningekuwa nalala vizuri.

Baba yangu ni fundi wa kushona. Cherehani yake ni ya kukanyaga, ya chuma, nzito, imekaa barazani kwetu tangu kabla sijazaliwa. Alishona kanzu za wazee wa mtaa na magauni ya arusi, lakini riziki yake hasa ilikuwa sare za shule, shati jeupe na sketi ya buluu. Wiki za kwanza za Septemba alikuwa hashikiki. Alifunga sare nyuma ya baiskeli na kuzipeleka mwenyewe mpaka shule ya Lusangi, njia ya Kabambare, kwa sababu hakumwamini mtu yeyote na mzigo wake, hata mimi.

Mwaka wa ajali aliondoka asubuhi, jua limeshatoka, na hakufika mbali. Barabara yetu ya kwenda Kabambare ni barabara kwenye ramani tu. Ukiwa juu yake ni mashimo na mchanga, na kila mtu anapita anapoweza. Baba alisikia gari nyuma yake. Alishuka, akaisukuma baiskeli nje kabisa ya njia, akasimama kwenye majani ameishikilia kwa mikono miwili. Hilo la majani tafadhali ulikumbuke, kwa sababu ndilo lililokuja kumnyima usingizi. Jeep ilikuja, ikakwepa shimo, ikapanda ukingo wa njia, ikampiga. Mguu wa kulia ulivunjika chini ya goti, na sare za watoto wa Lusangi zikatawanyika kwenye vumbi.

Aliyekuwa anaendesha ni mbunge wetu wa taifa. Hakuna mtu wa Kasongo asiyejua kwamba akiwa nyumbani likizoni anapenda kuendesha mwenyewe, dereva wake ameketi pembeni amekunja mikono, ili watu waone kwamba hajabadilika. Alishuka mbio. Akapiga magoti kwenye mchanga na suruali yake ya suti, akamshika baba kichwa, akasema, "Muzee, unisamehe. Ni mimi. Sikukuona." Mwenye pikipiki mmoja aliyekuwa anatoka Salamabila na mzigo alisimama pale pale, akasikia kila neno. Wakambeba baba mpaka kwenye jeep, na mbunge akaendesha polepole mpaka hospitali, kila shimo anauliza kama mzee anaumia.

Nasema haya kwa haki. Siku ile, mpaka saa saba mchana, yule mtu alikuwa mtu mzuri.

Baba alipokwisha kufungwa mguu na kulala kwa nguvu za dawa, mbunge alimrudisha mama nyumbani na jeep ile ile. Mimi nilikuwa nimetangulia kuja kuchukua mashuka. Nilipotoka kuwapokea, mlangoni tulimkuta polisi mwenye kazi ya kuandika taarifa za makosa, ambaye huku kwetu tunamwita OPJ kwa herufi za Kifaransa. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka hospitali, jasho linamtoka, na kartoni, yaani jalada la karatasi zake, kwapani. Aliingia nyuma yetu, akasimama mbele ya mbunge, akasema kwa adabu, "Onorabule, naomba declaration yako, maelezo ya kuandika. Sasa hivi, kama inawezekana."

Mbunge alipangusa uso. "Andika tu, Komanda," akasema. "Ni mimi nilikuwa naendesha."

OPJ alifungua kartoni. Alitoa bic, akaijaribu kwenye kiganja chake kuona kama inaandika. Na hapo ndipo mama yangu alipoingia katikati yao na beseni ya kunawia mikono.

"Hapana," akasema mama. "Hii mutu ameingia ku nyumba yangu. Amenirudisha na gari yake. Atakula kwanza. Na wewe Komanda utakula. Maneno itakuja nyuma ya chakula."

Lazima nieleze, kwa msomaji ambaye hakulelewa katika mitaa ya zamani ya Kasongo. Kwetu, mtu aliyevuka kizingiti haulizwi neno lolote zito kabla ya kunawa na kula. Awe amekuja kuposa, awe amekuja kudai, awe amekuvunjia mume mguu, anakula kwanza. Ukimuuliza kabla, aibu ni yako, na majirani wataisimulia mpaka uzeeni kwako. Mama hakufikiri mara mbili. Na mimi, mwalimu wa uraia, niliyeandika ubaoni mara kumi maneno "papo hapo", niliingia jikoni.

Kuku hakuwa tayari. Kuku alikuwa bado anatembea uani. Ilibidi akamatwe, achinjwe, anyonyolewe. Makaa yalikuwa mabichi, yakakataa kushika moto. Niliweka wali, nikatwanga sombe ya majani ya muhogo, nikakaanga vitunguu, na wakati wote huo nilikuwa najisifu moyoni kwamba tunamtendea mgeni kama watu wenye malezi. Kila nikikumbuka nataka kujizaba kofi. Sheria yote ya nchi ilikuwa imeketi sebuleni kwetu na bic mkononi, na mimi nilikuwa nachambua mchele.

Katikati ya mapishi simu ya mbunge ililia. Alitoka nje kuongea, akazunguka uani kwa muda mrefu, karibu na dirisha la jiko. Sikusikia maneno. Nilisikia tu yeye anajibu, "Ndiyo... ndiyo... hapana, bado... naelewa." Sijui aliongea na nani mpaka leo. Aliporudi ndani alikuwa mwingine, mpole zaidi, mwenye maneno machache.

Chakula kilikuja. Mama akasema bismillahi. Tulinawa wote kwenye beseni moja. OPJ aliweka kartoni yake chini ya kiti ili isipate mchuzi. Mbunge alikula vizuri, akasifu kuku, akauliza habari za kila mtu katika ukoo wetu, akala tena. Alipomaliza akasimama, akamshika mama mikono yote miwili. "Mama yangu, leo tumechoka wote," akasema. "Kesho asubuhi nitakuja, tutaandika yote vizuri, mbele ya Komanda." OPJ, mdomo umejaa, alitikisa kichwa kukubali.

Kesho yake asubuhi alikuwa njiani kwenda Kindu, na keshokutwa yake alikuwa Kinshasa. Kikao cha bunge kilikuwa kinafunguliwa katikati ya mwezi.

Wiki moja baadaye nilikwenda kusoma ile taarifa, ambayo kila mtu anaiita PV. Ilikuwa ukurasa mmoja, imeandikwa vizuri, ina muhuri. Ilisema kwamba jeep ilikuwa inaendeshwa na dereva, ambaye hajulikani alipo kwa sasa. Ilisema kwamba mzee aliingia ghafla katikati ya barabara na baiskeli yake, bila kuangalia. Chini kabisa ilisema kwamba mheshimiwa mbunge, ingawa jambo halikumhusu, alifika kwa familia kutoa pole, na familia ilimpokea na kula naye kwa amani. Mwenye pikipiki wa Salamabila hakutajwa popote. OPJ hakuniangalia machoni. Nilimuuliza kama aliyoandika ndiyo aliyoyasikia nyumbani kwetu. Akasema, "Madame, mimi nilikula tu, sikuandika. Hii nimeandika ni ile nimeambiwa."

Nilimpelekea baba habari hospitalini. Nilitarajia hasira juu ya dereva hewa. Baba alipita hapo, akashika neno jingine.

"Katikati ya barabara?" akasema.

"Ndivyo walivyoandika, Baba."

"Mimi nilikuwa ku majani. Nilisimama ku majani."

Ndilo jambo moja alilolitaka tangu siku ile. Hakutaka fidia; mbunge alipotuma gunia la mchele kwa mkono wa ndugu yake, baba alilirudisha bila kulifungua. Alitaka karatasi ya serikali iseme nani alikuwa kwenye usukani na yeye alikuwa amesimama wapi. Watu wengine walimwona mgumu. Hawakuelewa kwamba PV ile ilikuwa imeshaingia mtaani. Sokoni walikuwa wanaulizana, kwa kicheko: kama mzee hakuona jeep nzima, ataona tundu la sindano? Arusi mbili zilipeleka vitambaa kwa fundi mwingine. Mkurugenzi wa shule ya Lusangi, mteja wa miaka mingi, alituma salamu kwamba mwaka huu watajipanga kwingine. Mguu wenyewe uliunga upande, ukabaki mgumu kama mpini, na baba akajifunza kukanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto peke yake. Kazi ilikwenda kwa kusuasua. Lakini aliniambia mara nyingi kwamba mguu ni kazi ya Mungu, jina baya ni kazi ya watu, na kazi ya watu inaweza kurekebishwa na watu.

Basi nikaenda kurekebisha. Kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka nilimkuta kijana mstaarabu, amevaa tai, feni haizunguki kwa kuwa umeme haupo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, na tabasamu hilo sitalisahau.

"Madame, si wewe ndiyo unafundishaka hii mambo?" akasema. "Mudogo wangu iko ku darasa yako. Mbunge wa taifa, mimi siwezi kumugusa. Anahukumiwa Kinshasa, ku mahakama ya juu kabisa, na bunge inatoa kwanza ruhusa."

"Lakini alikutwa papo hapo," nikasema. "Sheria inasema papo hapo hakuna ruhusa."

"Siku ile, ndiyo. Ile saa, kama OPJ aliandika, ilikuwa inatosha." Aliifungua PV, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. "Sasa angalia hapa. Mulikula naye."

Nilitoka pale roho inanichemka, na sikujua nimchemkie nani. Mbunge alikuwa mbali. Mama alikuwa mama. Nilijichemkia mwenyewe.

Niliandika barua kwa wakubwa wa sheria Kinshasa, kurasa nne, kila kifungu mahali pake. Nilimpa mfanyabiashara wa mtaa wetu aliyekuwa anapanda ndege Kindu, naye aliapa kwamba aliifikisha kwa mkono wake na wakaipokea. Hakuna jibu lililokuja. Niliandika ya pili, fupi. Niliandika ya tatu, ambayo nilikuwa mkali kidogo, halafu nikaogopa nikaichana.

Wakati huo mtaa mzima ulikuwa umeshapata ufumbuzi wake. Watu walisema: kinga ni ya wakati wa kikao. Bunge likifungwa, yeye ni mtu tu kama sisi. Ngoja arudi likizo. Walilisema dukani, walilisema baada ya sala, na baba akalishika. Nilijua si kweli. Nilikuwa na katiba mezani, na kifungu cha mia moja na saba kinasema wazi kwamba nje ya kikao pia hakamatwi bila ruhusa ya wakubwa wa bunge. Lakini baba alikuwa ameanza kuhesabu miezi mpaka likizo, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba alikuwa anakula vizuri. Sikumwambia. Hilo nalo liwekwe kwenye orodha ya makosa yangu.

Na ile kinga, badala ya kungoja Kinshasa pamoja na mwenyewe, ilikuwa inatembea huku kwetu na kuzaa. Binamu yake mbunge alikuwa na pikipiki ya kubeba watu Salamabila. Alipita kila kizuizi bila kusimama, kwa sababu, alisema akiipapasa pikipiki yake, "Hii moto iko na kinga." Mbuzi wa nyumbani kwa mbunge waliingia shamba la mihogo la jirani yake, mama mmoja mjane, wakala mpaka wakachoka. Yule mama alipowafukuza kwa fimbo, aliitwa kwa chifu akaulizwa kama anajua ni mbuzi wa nani. Nilicheka niliposikia, kisha nikaacha kucheka. Kifungu chenye mistari michache, ambacho nilikuwa nakifundisha kwa fahari, kilikuwa kimefika mpaka kwa mbuzi, na baba yangu aliyesimama kwenye majani hakuwa na hata mstari mmoja.

Mwezi wa pili nilifika kwenye somo lile. Niliandika sehemu ya kwanza ubaoni. Niliandika ya pili. Darasa zima lilijua habari ya baba; wengine walikuwa wamevaa mashati aliyoshona. Nikangoja kicheko. Hakikuja. Msichana mmoja wa mstari wa nyuma alinyoosha mkono, akauliza bila utani wowote, "Madame, hii kinga inalinda maneno yake ao inalinda gari yake?"

Nilimwambia inalinda maneno. Nilisema kwa sauti ndogo, na nikawaambia wafungue ukurasa unaofuata kabla hajauliza jingine.

Likizo ya kwanza mbunge hakuja. Ya pili, katikati ya kiangazi, alikuja. Gari la vipaza sauti lilizunguka mji kututangazia kwamba mheshimiwa atatoa hesabu ya kazi yake kwa wananchi wake, uwanja wa mpira, saa tatu asubuhi, watu wote waje. Baba alitaka kwenda. Nilimkataza kwa sababu ya mguu na vumbi, nikamwahidi kwamba nitauliza mimi.

"Usitukane," akaniambia. "Mimi nakujua. Sema tu vile ilikuwa."

Uwanja ulijaa. Mbunge aliketi chini ya turubai, amenenepa kidogo. Alieleza kuhusu barabara ya Kabambare, namna alivyoipigania bungeni, na nakiri kwamba aliongea vizuri. Ukimsikiliza unaweza kudhani barabara imeshatengenezwa. Halafu wakafungua maswali. Watu waliuliza kuhusu barabara, wakaomba mipira na mabati. Nilipopewa mikro, yaani kipaza sauti, nilisimama wima kama niko darasani.

"Onorabule, mimi ni binti ya fundi cherehani," nikasema. "Mwaka jana jeep yako ilimvunja mguu baba yangu. Wewe mwenyewe ndiye ulikuwa kwenye usukani. Baba alikuwa amesimama kwenye majani, nje ya njia. Nakuomba useme hivyo hapa, mbele ya watu. Hatuhitaji kitu kingine."

Mbunge aliniangalia, na nadhani alinikumbuka, alikumbuka na kuku. Uso wake haukuwa wa mtu mbaya. Kisha akainama kwenye mikro yake.

"Mama mwalimu," akasema kwa upole, "pole sana na muzee. Lakini hii mambo iko ku justice. Mimi ni mutu wa sheria, siko na ruhusa ya kuzungumzia mambo iko ku justice."

Watu wake wakapiga makofi. Iko justice gani, nikauliza. Mahakama ipi, nani ameifungua? Mtu mmoja akanishika mkono kuninyang'anya mikro, nami nikaishika kwa mikono miwili. Nilirudia: ni wewe ulikuwa kwenye usukani. Nikarudia tena. Mara ya tatu sauti yangu haikutoka, walikuwa wamekata umeme wa mikro, lakini nilipiga kelele hivyo hivyo kwa koo langu, mwanamke mzima, mwalimu, kitambaa cha kichwa kimeanguka. Sikutukana. Mungu ni shahidi yangu, na uwanja mzima pia.

Barua zangu za Kinshasa zilikuwa na karibu mwaka bila jibu. Karatasi ya kuniita polisi ilifika nyumbani kabla sijamaliza kunawa vumbi miguuni.

Kesho yake asubuhi nilikwenda. Aliyekuwa ananingoja ni OPJ yule yule, na kartoni yake. Aliniambia nikae. Akasema kuna malalamiko kwamba nilimvunjia heshima mbunge hadharani, na sheria inalinda heshima ya wabunge. Hakunifokea hata kidogo. Alikuwa anakwangua meza kwa ukucha.

"Madame, nitaandika maneno yako," akasema. "Ulisema nini pale ku uwanja?"

Nilifungua mdomo kukana. Ndiyo desturi, kila mtu akiitwa polisi anakana kwanza, halafu anatafuta mkubwa wa kumwombea. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba niliuliza swali tu. Kisha nikaona bic mkononi mwake, iko juu ya karatasi, inangoja.

"Andika," nikamwambia. "Andika neno kwa neno, Komanda, usipunguze."

Nikamsomea kama ninavyowasomea wanafunzi imla, polepole, kwa Kifaransa cha vitabu, nikitaja hata nukta. Mheshimiwa mbunge ndiye alikuwa kwenye usukani wa jeep, nukta. Baba yangu alikuwa amesimama kwenye majani, nje ya njia, nukta. Aliandika. Nikamtaka aongeze kwamba mbunge alisema "ni mimi" mbele ya shahidi, na kwamba alilisema tena nyumbani kwetu mbele ya ofisa huyu huyu anayeandika. Hapo bic ilisimama. OPJ alitazama mlangoni, kisha akaliandika na hilo. Alinisomea yote kama sheria inavyotaka, nikaweka sahihi, akaweka yake, akapiga muhuri.

Nilimwomba nakala. Alisema hairuhusiwi. Halafu akasimama, akachukua karatasi, akatembea nami mpaka kwenye duka la fotokopi ng'ambo ya njia, akageukia barabara kama mtu anayengoja pikipiki mpaka mashine ilipomaliza. "Ile siku chakula ilikuwa ya mzuri," akasema, bila kugeuka. Nilimwambia asante.

Aliniachia niende, kwa sharti la kuripoti kwake kila Jumatatu mpaka faili langu litakapopelekwa mbele.

Baba alikuwa barazani, kwenye cherehani, mguu wa kulia ameunyoosha pembeni. Mama alikuwa anapepeta mchele. Niliketi kwenye kigoda nikawasomea, nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili. Nilipofika kwenye usukani baba aliacha kukanyaga. Nilipofika kwenye majani alivua miwani.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena, mpaka mwisho.

"Muhuri iko?"

"Uko, Baba. Na sahihi yake."

Alichukua karatasi kwa mikono miwili. Akapitisha kidole juu ya muhuri, kwenye mzunguko wake wote, kama anavyopima mshono. Mama aliweka ungo chini, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilianza kufikiri kwamba labda inatosha, kwamba labda hivi ndivyo mambo yanavyorekebishwa huku kwetu. Kisha baba akavaa miwani tena na kuisogeza karatasi karibu. Kifaransa hakijui sana, lakini herufi kubwa anazisoma.

"Na hii ya juu, ya herufi kubwa," akasema. "Wameandika nini?"

"Wameandika kosa, Baba."

"Kosa ya nani?"

"Yangu."

Aliikunja karatasi kwenye mikunjo yake ile ile, akanirudishia, akavuta kitambaa chini ya sindano. Hakuniomba niisome tena.